Usimuulize shangazi historia, muulize alikuwa akitumwa wapi

Hii kazi ya kukusanya kumbukumbu za wazee wetu wa Mombasa mimi niliianza vibaya. Mwaka juzi nilienda kwa shangazi yangu Kibokoni, umri wake sasa karibu miaka 80, nikaweka simu mbele yake nikabonyeza kurekodi nikamwambia shangazi, nataka unieleze historia ya Mombasa ya zamani. Akanitazama. "Historia gani mwanangu, mimi skusoma." Akaita chai. Hiyo rekodi ninayo mpaka leo, dakika 4, nusu yake ni vikombe vinagongana.

Wiki ya pili mvua ikanishika pale pale kwake, sikuwa na mpango wowote, nikamuuliza tu, shangazi nyinyi mkiwa watoto mkitumwa dukani mlikuwa mkienda wapi? Wee! Maghrib ilitukuta kwa hadithi bado tuko Ndia Kuu, ile njia ya Mji wa Kale. Mafuta ya taa yalikuwa kwa Mhindi mmoja mwenye mguu mbovu, samli unapimiwa kwenye chupa uliyokwenda nayo mwenyewe, halua ya sikukuu lazima iagizwe mapema la sivyo utapewa makombo, na njiani kuna nyumba unaipita mbio kwa sababu bibi wa dirishani akikuona na yeye anakutuma. Nyumba yenyewe mimi nilikuwa nikipita chini yake kila siku nikienda chuoni na sikuwahi kujua ni ya nani, kumbe wenyewe walihamia Maskati zamani hizo na ile nakshi ya mlango niliyokuwa nikiigwaruza kwa rula ndio ilikuwa fahari ya mtaa mzima.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka chukua huu peke yake: uliza alitumwa wapi. Mtoto aliyetumwa hasahau njia, manake akipotea au akipoteza chenji alichapwa. Ukimuuliza mzee historia anadhani unataka mambo ya Mreno na Sultani, hayo yako kwenye vitabu na ukienda Ngomeni, yaani Fort Jesus, utayasoma ukutani. Lakini nani alikuwa akiuza vifungo vya kanzu, nani alikuwa akishona kofia za vito, duka gani mtoto alipewa peremende ya nyongeza, hayo yako kichwani mwa watu ambao kila mwaka tunawapeleka makaburini.

Jambo lingine, usiulize mwaka. Wazee wetu hawashiki miaka, utapata jibu la kukuridhisha tu uondoke. Shika matukio. Mimi siku hizi nauliza hivi: duka hilo lilifungwa wakati wafungwa bado wako Ngomeni? Kwa sababu Fort Jesus ilikuwa jela mpaka 1958. Ama bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa bado ikipepea pale juu? Basi ni kabla ya Uhuru, kabla ya Disemba 1963. Mlikuwa mkienda Nyali kwa lile daraja la kuelea au kwa hili la sasa? Lile la kuelea ni la 1931 na hili lilifunguliwa 1980, kwa hivyo hapo tayari umepata kipimo. Ukiuliza maswali matatu ya namna hii unamweka mtu ndani ya miaka kumi bila kumchosha, na yeye mwenyewe anaanza kujisahihisha, aa ngoja, siku hiyo tulivuka kwa miguu lile la kuelea, basi ni zamani zaidi.

Na majina ya njia ujifunze ya zamani kabla hujaenda. Mzee mmoja alinielekeza duka la fundi saa, akasema liko Salim Rodi, mimi nikaingia kwenye simu kutafuta, hakuna. Salim Rodi ndio hii Digo Road, na Kilindini Road yao ndio Moi Avenue ya leo, ile ya Mapembeni, penye yale mapembe makubwa. Soko la Marikiti tu ndio haijatutatiza, imesimama pale tangu 1914 na hakuna anayeiita Mackinnon isipokuwa mtalii.

Sasa kitu ambacho watu hawakifikirii, sanduku la leso, yaani kanga. Nilimwomba shangazi anifungulie, akakataa kwanza akidhani natafuta cha kuuza, halafu akafungua. Kila pea aliyoitoa ilikuwa na harusi yake au msiba wake. Nyingi zina chapa ya Mali ya Abdulla, ni ya kina Kaderdina Hajee Essak walioanza hapa hapa Mombasa 1887 na duka lao liko Biashara Street, na kutoka leso moja akafika kwa nani alikwenda naye kuinunua, wakapitia wapi kula, wakaingia Naaz ama Regal kutazama picha ya Kihindi siku ya wanawake peke yao, na jinsi walivyorudi nyumbani wote macho yamevimba kwa kulia. Mimi nilikuwa nimeuliza jina la leso tu.

Picha nazo zina adabu yake. Usizibandue kwa nguvu kwenye zile albamu za gundi, zitapasuka, piga kwa simu zikiwa humo humo, karibu na dirisha na bila flashi. Majina andika nyuma kwa penseli, kalamu ya wino inaacha alama mpaka mbele. Na hewa yetu ya bahari usiidharau, unyevu na mchwa vimekula picha nyingi Mji wa Kale kuliko moto. Halafu, na hili nasema kwa msisitizo: picha ya harusi ya wanawake usiiweke mtandaoni. Sijali ni ya 1965 na wote washatangulia mbele ya haki. Hawa walivua buibui mbele ya wanawake wenzao, hawakukuvulia wewe na wafuasi wako 5,000.

Nije kwenye kosa langu kubwa. Niliposti picha ya duka moja la zamani Bondeni nikaandika chini, "duka la kina fulani". Kufika jioni simu haishikiki. Kumbe nyumba ilikuwa ya ukoo mmoja, ardhi ya mwingine, aliyekuwa akiuza ni mpangaji wa tatu, na hao wawili wa kwanza wako kortini. Na mimi mtoto wa Mombasa nilifaa kujua, huku kwetu nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida kabisa, mtu amejenga na babu yake amezaliwa humo lakini ploti si yake, analipa kodi ya ardhi. Nilifuta, nikaenda kuomba radhi kwa miguu yangu kwa pande zote, upande mmoja walinipa juisi ya ukwaju na ule mwingine hata kiti hawakunipa. Tangu hapo naandika "duka alilokuwa akiuza fulani", basi. Nani mwenye hati si kazi yangu.

Kuna hili pia linaniudhi kidogo. Kumbukumbu zetu nyingi ni za majumba na familia kubwa tu, zenye baraza na mlango wa nakshi. Hamali wa bandarini aliyebeba magunia ya tende, muuza kahawa aliyekuwa akigonga vikombe usiku, mama wa mahamri aliyesomesha watoto sita kwa kikaango, hao hawana albamu na mjukuu wao hana muda wa kuposti. Kwa hivyo ukimaliza kwa mjomba mwenye nyumba, vuka barabara umuulize na jirani yake wa chumba kimoja alikuwa akitumwa wapi. Utashangaa, duka ni lile lile ila yeye atakwambia nani alikopeshwa na nani alifukuzwa.

Shangazi sasa ndiye ananisumbua mimi. Juzi kanipigia saa nne usiku nikashtuka, nikasema inna lillahi nani tena, kumbe amelikumbuka jina la yule Mhindi wa mafuta ya taa. Lakini si jina, ni la utani, watoto ndio walimpa, na lilihusu mguu wake. Amecheka mpaka akakohoa. Siwezi kuliandika hapa.