Maswali na Majibu: Dawa Iliyobebwa Ndani ya Chembe

Nanomita moja ni kiasi gani?

Ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu una upana wa takriban nanomita 80,000, ilhali nyingi kati ya chembe za nano zinazobeba dawa hazizidi 100 au 200.

Kaka yangu, hapa Uganda, aliugua homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Alitundikiwa dripu moja tu ya amfoterisini, ilhali zamani jirani yetu alitundikiwa kila siku kwa wiki nzima. Je, amepunjwa?

Hakupunjwa. Dawa ni ile ile, ila kinachoibeba kimebadilika. Amfoterisini ya zamani huua fangasi lakini huumiza figo pia, na wagonjwa wengi walitetemeka kwa baridi dripu ikiwa bado mkononi. Katika aina mpya, dawa imepachikwa kwenye viputo vya mafuta vya ukubwa wa nano viitwavyo liposomu, ambavyo huishikilia isiziguse ovyo seli za mgonjwa, na hivyo daktari anaweza kutoa dozi kubwa kwa mara moja. Utafiti wa AMBITION, uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2022, ulitumia dozi moja ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na vidonge vya kuua fangasi, flusitosini na flukonazoli, kwa siku 14. Vifo ndani ya wiki 10 vilikuwa asilimia 24.8, dhidi ya 28.7 kwa waliopewa tiba ya wiki nzima. Yaani tiba mpya si duni, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka huo huo. Ninachosisitiza ni kwamba kaka asiache vidonge kabla daktari hajamruhusu, kwa sababu tu amepata nafuu.

Mimi ni muuguzi. Kwa nini tunakatazwa kuichanganya amfoterisini hiyo ya liposomu na maji ya chumvi?

Kwa sababu chumvi huifanya dawa igande na kutuama. Unga wake wa njano huyeyushwa kwa maji ya sindano, chupa hutikiswa kwa nguvu kwa sekunde 30, kisha huongezwa kwenye glukosi ya asilimia 5.

Je, chembe hizi zinaweza kuotesha mfupa uliopotea?

Kwa kiasi fulani. Chembe nyingine hutengenezwa kwa PLGA, aina ya plastiki iliyo ndugu wa ule uzi wa mshono unaoyeyuka wenyewe; hiyo huvunjwa na maji ya mwilini kuwa asidi laktiki na asidi glikoliki, huku ikiachia kilichomo kidogo kidogo; hivyo ndivyo zinavyofanya kazi sindano za mwezi mzima za saratani ya tezi dume. Watafiti huzijaza chembe hizo protini za kukuza mfupa na kuzipanga kuwa kiunzi cha kushikilia seli. Kikwazo kikubwa ni damu, kwa kuwa seli iliyo mbali na mshipa kwa zaidi ya takriban maikromita 200 (sehemu ya tano ya milimita) hukosa oksijeni, na kipande kinene hufia katikati.

Vidonge vya "nano" vinavyouzwa stendi je?

Usinunue. Neno hilo kwenye kopo halithibitishi kilichomo.