Kabla hujalipia blenda, ipindue uangalie kitako

Juzi shoga yangu alinitumia picha akiwa dukani Kariakoo. Boksi jekundu, limechorwa stroberi zinazoelea kwenye maziwa, na pembeni kwa maandishi makubwa ya dhahabu: wati 6000. Chini yake kaandika, "Nichukue? Muuzaji anasema hii inasaga mpaka mawe." Nikamjibu: "Pindua, nipigie picha kitako." Picha ilipofika, kitako kilikuwa kitupu. Hakuna kibandiko, hakuna namba, ni matundu ya hewa tu na miguu minne ya mpira. Nikamwambia aiache hapohapo.

Siyo kwamba mimi ni fundi. Haya nimeyajua kwa sababu nilishapigwa.

Asubuhi kwangu ni vita. Watoto wawili, basi la shule linafika saa kumi na mbili kasorobo, na hakuna hata mmoja anayekubali kunywa uji saa hizo. Nikagundua kuwa ndizi mbivu, mtindi, embe na kijiko cha siagi ya karanga vikisagwa pamoja vinanyweka bila kesi. Nikaenda mjini, nikarudi na blenda ya shilingi 85,000 iliyoandikwa wati 4500. Nilijiona mjanja, maana duka la jirani walikuwa wanauza ya wati 800 kwa bei karibu mara tatu. Nani angenunua ile?

Mwezi wa kwanza ilinifurahisha. Tatizo lilianza msimu wa embe ulipokwisha. Disemba nilikuwa nimemenya embe nyingi, nikazikata na kuzijaza kwenye makopo ya aiskrimu ndani ya friza ili tuendelee kula hadi Machi. Siku nimetia vipande vilivyoganda, blenda ikanguruma, ikanguruma tena kwa sauti nzito, halafu ghafla sauti ikawa nyembamba kama ya mbu, na harufu ya mpira ulioungua ikatanda jikoni. Mota inazunguka, visu vimesimama.

Fundi wa mtaani kwetu Tabata hakuhangaika hata kufungua skrubu kwanza. Alinyanyua jagi, akaingiza kidole pale katikati: kile kidude cha mpira chenye meno, kinachopokea mzunguko wa mota na kuupeleka kwenye visu, kilikuwa kimelika hadi kimekuwa duara. Wenyewe wanakiita kaplingi. Halafu akafungua kitako, akanionyesha mota. Ilikuwa ndogo kuliko ngumi ya mwanangu wa darasa la tatu.

"Dada, mashine haina kosa," akasema. "Mwongo ni boksi."

Kisha akashika plagi, akachomoa fyuzi, akanionyesha namba iliyoandikwa ubavuni: 13. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha kwa ampea 13, unapata wati 2,990. Plagi hizi za pini tatu hazikutengenezwa kubeba zaidi ya hapo. Kwa hiyo kifaa chochote cha jikoni chenye plagi ya kawaida kinachojiita wati 4500, 6000 au 8000 kimeshajikana chenyewe kabla hujakiwasha. Birika langu la umeme ni wati 2000 na ushee, na waya wake ni mnene kama kidole kidogo. Waya wa ile blenda ulikuwa kama wa chaja ya simu.

Alinibadilishia kaplingi kwa elfu tatu, lakini mimi nilikuwa na hasira, nikataka kujua nimenunua wati ngapi hasa. Hapa ndipo mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, iliponisaidia. Angalia mita yako: ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake pameandikwa namba yenye imp/kWh. Yangu inasema 1000, maana yake taa ikipepesa mara 1000 umetumia uniti moja. Yako inaweza kuwa na namba nyingine, soma kwanza. Nikazima friji, nikazima kila kitu, nikajaza blenda maji, ndizi na embe, nikamweka mtoto nje kwenye mita ahesabu. Dakika nzima. Akarudi mbio: "Mama, sita!"

Sita kwa dakika ni 360 kwa saa. Yaani uniti 0.36 kwa saa, sawa na wati 360. Kama kweli ingekuwa 4500, mtoto angehesabu 75. Wati zilikuwa zimechakachuliwa mara kumi na mbili.

Ndiyo maana nasema kitako. Kibandiko cha chini hupaswa kutaja volti, hezi na wati, na mara nyingi namba ya chini ni ndogo kuliko ile ya boksi. Ukiona zinatofautiana, amini ya chini. Blenda nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya zina pia alama ya KB na dakika, kwa mfano KB 1 min. Huo ni muda wa kusaga nayo mfululizo kabla ya kuipumzisha. Ukiona dakika moja, ujue mota hiyo haikuumbwa kusaga dakika tano huku umeenda kuanika nguo.

Kuna na ujanja mwingine, huu wa blenda kubwakubwa: nguvu za farasi. Unakuta "3 HP peak". Farasi mmoja ni wati 746, hivyo tatu ni kama wati 2,240, lakini neno la mwisho ndilo la kuangalia. Ni kile kilele ambacho mota hufikia kwa kufumba na kufumbua inapoanza au inapokwama. Wati inazofanyia kazi kila siku ni chache kuliko hizo, na ndizo zinazokuhusu.

Sasa unahitaji wati ngapi? Inategemea unatia nini. Kama ni juisi ya pasheni, parachichi na maziwa, papai, ndizi ya kawaida, wati 400 au 500 za kweli zinatosha kabisa, usimpe mtu hela yako ya bure. Ukianza kuweka matunda yaliyoganda, barafu, tende, karanga nzima au majani kama mchicha na sukuma wiki, tafuta kuanzia 800 hadi 1200. Mchicha ndio mtihani wangu. Blenda dhaifu inaukatakata, unakunywa huku unatafuna vijani kama mbuzi. Blenda yenye nguvu inaupoteza kabisa, unabaki rangi tu.

Tena kwa nyumba zetu, blenda haitaishia kwenye smuthi, hilo tusidanganyane. Wikiendi itasaga mchele uliolowekwa wa vitumbua. Itasaga nazi ya tui, vitunguu, tangawizi. Mchele wa vitumbua umeua blenda nyingi kuliko barafu, kwa sababu ni mzito na mtu anaona uvivu kuongeza maji. Kama hizo ndizo kazi zako kubwa na smuthi ni ya pembeni, angalia zile mashine za kusagia za Kihindi zenye majagi ya chuma. Wati 500 hadi 750 zilizo za kweli na spea zake hazisumbui. Ubaya wake huoni ndani, na kwa smuthi ya watu wanne jagi lake unaweza kuliona dogo.

Turudi kwenye kaplingi, maana ndipo nilipobadili mawazo. Mwanzo niliapa sitanunua tena yenye kidude cha mpira, nikawa natafuta ya chuma tu. Fundi akanirudisha: mpira au plastiki ile imewekwa ife kwanza. Blenda ikikwama, kitu lazima kiachie, na afadhali kiachie cha elfu tatu kuliko mota ambayo kuisuka upya ni karibu bei ya blenda mpya. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: "Kaplingi ya hii unayo? Jagi la hii peke yake unauza? Visu je?" Akikwambia "hiyo haiharibikagi", toka. Akiingia nyuma akatoka na boksi la vipuri, kaa uzungumze naye bei. Na udai risiti ya mashine, kwa sababu waranti bila risiti ni maneno matupu.

Wenye ndugu nje, sikilizeni hapa. Wifi yangu wa Marekani alitaka kunitumia blenda yake ya zamani ya Vitamix, mashine nzuri isiyo na ubishi. Kampuni yenyewe ipo tangu 1921. Lakini umeme wa kule ni volti 120. Ukiichomeka kwenye ukuta wa Dar es Salaam utasikia mlio mmoja tu, wa mwisho. Itabidi ununue transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa wati 2000 hivi, zigo la kuvunja mgongo, liwe linakaa juu ya kabati la jikoni milele. Nilimshukuru nikakataa. Ndugu wa Uingereza, Dubai au Muscat ndiye wa kumsumbua kwa jambo hili: volti zao zinaendana na zetu na plagi yao ni hii hii ya pini tatu za bapa.

Niliyonunua mwishoni ni ya wati 1000 kwa mujibu wa kibandiko cha chini, nikaipima kwa mita kabla wiki ya kurudisha haijaisha. Embe zilizoganda, dakika moja: kumi na nne, yaani 840. Nikaridhika, kwa sababu mota huvuta kulingana na mzigo na wala sikuwa nimeijaza. Na kama unaogopa LUKU, usiogope. Wati 1000 kwa dakika moja hazifiki hata uniti 0.02.

Jagi nilichukua la plastiki nene. La kioo ni zuri kwa macho na halishiki harufu ya vitunguu, ila ni zito, na kwangu mimi mwenye sakafu ya vigae na watoto wenye haraka, kioo ni suala la muda tu. Angalia zaidi umbo. Jagi pana sana chini linawafaa wenye familia kubwa. Ukisagia kikombe kimoja, matunda yanarukia ukutani na kubaki huko. Zile ndogo za kusagia ndani ya kikombe chenyewe ni tamu kwa mtu anayeishi peke yake, ila usitie kitu cha moto humo. Kimefungwa kila upande, mvuke hauna pa kutokea, na ukifungua unajimwagia usoni.

Makosa mengine yalikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa naanza na matunda magumu, maji namiminia mwisho. Visu vinachimba kashimo ka hewa, vinazunguka humo peke yake, huku matunda yamekaa juu yanatazama. Sasa naanza na mtindi au maji, ndizi inafuata, vilivyoganda juu kabisa. Naanza mwendo wa polepole, sekunde chache, ndipo napandisha. Ikikwama nazima, natikisa jagi, naongeza maji. Sisukumi na mwiko ikiwa inazunguka. Mwiko mmoja ulishageuka unga, tukaugundua mdomoni.

Halafu kelele. Blenda yenye nguvu inapiga kelele, na saa kumi na moja alfajiri ukuta wa jirani uko karibu. Nikajifanya mbunifu, nikaikunjia taulo chini. Taulo likaziba matundu ya hewa, ikazima yenyewe katikati ya kazi nikidhani nimeshaiua. Kumbe ina swichi ya joto ndani. Nusu saa baadaye ikawaka kama kawaida. Taulo likarudi bafuni.

Kuosha, natia maji nusu na tone la sabuni, naiwasha sekunde thelathini, nasuuza. Siachi jagi limelowekwa usiku kucha, kwa sababu maji hupenya kwenye ile sili ya chini ya visu, yaani mpira wa kuzuia maji, na kufika kwenye beringi. Ukiona ute mweusi unachuruzika chini ya jagi, sili imekwisha. Badilisha kabla hujaendelea kuwanywesha watoto grisi.

Na ile ya wati 4500? Baada ya kuwekewa kaplingi mpya niliipeleka kwa mama, Tanga. Yeye anasagia pasheni na parachichi, basi. Hajui friza, hajui tende, na hajawahi kusoma boksi. Kila nikimpigia simu ananiambia nilikosea kumpa, maana blenda ile ni nzima kuliko niliyobaki nayo, tena haina makelele.