Mgeuze kwanza, jina baadaye

Juzi nimemwona tena kijana na wavu wake kwenye mipungate nje ya Tucson, Arizona. Nyuki katoka uani, mwili mzima njano, naye kalamu tayari daftarini: Diadasia, jina la kundi moja la nyuki. Nilicheka, kisha kidonda cha zamani kikauma. Wadogo zangu, njooni.

1. Wahini asubuhi. Ua la mpungate ni la siku moja.

2. Ua halikwambii jina la nyuki. Hili lilinila mimi. Msimu wangu wa kwanza nilijaza masanduku mawili ya nyuki waliochomwa pini. Nilishasikia kwamba Diadasia ni wanene, wana manyoya, na mpungate ndio chakula chao. Basi kila mnene mwenye manyoya nikamwita Diadasia. Lebo nilizichapa usiku mmoja, redio inaimba, najiona profesa. Asubuhi mama aliyetusimamia akachomoa pini moja, akamlaza nyuki chali chini ya hadubini, akainuka na kunipisha kiti. Hakusema neno. Miguu ya nyuma, pale Diadasia hubebea chavua, mitupu! Chavua yote imeshonwa tumboni, kwenye brashi ya nywele. Lithurgopsis. Ukoo mwingine kabisa: huyu hutoboa mbao kavu akajenga humo, wakati Diadasia huchimba ardhi. Msimu mzima nilikuwa nimewatazama mgongoni tu. Nikamgeuza wa pili, wa tatu. Nilipofika wa 11 masikio yalikuwa yanawaka. Siku mbili nzima nikabadilisha lebo, na wawili nikawavunja vichwa kwa haraka zangu. Hao bado wamo sandukuni, vichwa vimegundishwa kwenye vikadi kando yao.

Na msidanganywe na vumbi la mwilini. Stameni za mpungate, zile nyuzi zenye chavua, zikiguswa hujikunja kuelekea katikati, kwa hiyo anayezama humo hutoka kama mpishi wa maandazi. Vumbi si mzigo. Mzigo uko kwenye skopa, yaani nywele za kubebea chavua, ziwe za miguuni au za tumboni.

3. Dume hana skopa, acheni kumpekua. Hesabuni seli, vile vyumba kati ya mishipa, za chini ya ukingo wa bawa la mbele: Diadasia tatu, Lithurgopsis mbili.

4. Nyuki wa asali naye yumo, mgeni kule kama mimi. Macho yake yana nywele. Kuna mwaka nilimpiga pini mmoja kwa shangwe nikidhani nimepata spishi mpya, lakini hiyo tuiache.

Yule kijana nilimwambia amgeuze nyuki wake. Akamgeuza. Miguu imejaa chavua hadi pomoni: Diadasia kweli. Akanitazama tu.