Karafuu kwa jino linalouma, inasaidia kweli?

SWALI: Shikamoo shangazi. Jino la nyuma linaniuma wiki nzima sasa, bibi yangu wa Pemba anasema nibane karafuu. Na mwanangu wa mwaka mmoja anaota meno, naweza kumpaka mafuta ya karafuu? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Bibi yuko sahihi, karafuu ina yujenoli, hiyo ndo inayotia ganzi na kupunguza vijidudu, hata madaktari wa meno wanaichanganya na zinki oksaidi kuziba jino kwa muda, ndo ile harufu unayoikuta kliniki ya meno. Chukua karafuu moja kavu yenye kichwa chake, iweke pembeni ya jino, usiitafune haraka, iache ilainike kwa mate kwanza ndo uibane taratibu, utasikia ukali afu ganzi inaingia. Mafuta yake usiweke matupu, yanaunguza fizi, tia tone moja kwenye kijiko cha mafuta ya nazi uchovye pamba.

Ila mtoto hapana, tafadhali sana! Akimeza hata kidogo yanaweza kumuumiza ini. Mpe kitambaa safi cha maji baridi atafune.

Na wewe wiki nzima ni nyingi mno, karafuu inatuliza tu haizibi tundu, kamuone daktari wa meno wiki hii, na shavu likivimba au homa ikipanda nenda siku hiyohiyo. Kama unameza warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande, mwambie daktari kabla hujaendelea na karafuu.