Barua kwa mwanangu: mizani ya tisa

Mwanangu mpenzi,

Nimeisikiliza mara tatu ile sauti uliyonitumia. Unauliza: haya mashairi ninayoyaandika kila alfajiri tangu nistaafu mwaka 2019, uyapeleke kwa mchapaji yawe kitabu, au yabaki kwenye madaftari? Nitakujibu. Ila kwanza nikueleze yanavyoandikwa, maana hujawahi kuniona. Wewe hata ukija likizo huamka saa mbili.

Nikishaswali sirudi kitandani. Nawasha taa ya jikoni, nabandika chai, nafungua kaunta buku. Mshororo mmoja kwa siku, basi. Mizani 16, yaani silabi 16, nane huku na nane kule, na vina vyake. Nahesabu kwa vidole juu ya meza. Ukitimia nafunga daftari, hata kama wa pili umeshaanza kunijia. Huo ni wa kesho, na ndio unaoniamsha. Ubeti mmoja unanichukua siku nne. Wiki ile ya kwanza ya kustaafu sikuandika shairi lolote. Niliandika bei ya nazi, nikaandika majina ya watoto wa darasa langu la mwisho, mmoja baada ya mwingine, mpaka mkono ukalegea. Mkono uliosahihisha madaftari ya watu miaka 34 hauanzi tu siku moja kuandika ya kwake.

Shairi ni sikio na kidole, mwanangu. Jicho hudanganya.

Hilo nililipata kwa babu yako. Alikata mkonge maisha yake yote, majani 30 kila tita, na usiku barazani alihesabu mizani kwa vidole vilevile, vimejaa makovu ya miiba. Mwaka 1987 kambi yetu ilikuwa inageuka gofu. Korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, imenyamaza, nailoni imeshaua soko, nchi iliyotoa zaidi ya tani 200,000 za katani mwaka 1964 haifikishi hata 40,000. Nikaandika shairi la beti tano, nikalituma gazetini. Kibwagizo chake, mshororo unaofunga kila ubeti, kilikuwa hiki:

Mkonge ulonilea, leo hii wanitupa.

Likatoka. Nikapanda basi hadi Muheza, gazeti ndani ya kikapu, na wewe tumboni. Babu yako akalisoma mwenyewe, polepole, kidole kikigonga goti. Akafika mwisho wa ubeti wa kwanza, akarudi nyuma, akahesabu tena. Kisha akaniambia, "Hapa pamezidi moja, mwanangu."

Nikachungulia. Mhariri alikuwa ameandika "Mkonge ulionilea". Mizani tisa badala ya nane. Na kwa kuwa ni kibwagizo, kosa limerudiwa mara tano, chini yake jina langu. Nikamwambia, "Baba, hili si langu, wamenibadilishia." Akakunja gazeti, akalirudisha kikapuni, akasema, "Lakini jina ni lako." Hakulitaja tena mpaka anafariki. Nami sikuandika mshororo mwingine kwa miaka 32.

Nimejaribu sana kumtetea yule mhariri. Kwa sarufi ya vitabuni alikuwa sahihi: "ulionilea" ndiyo sanifu. Mimi mwenyewe kuna mvulana wa darasa la sita aliniandikia "nchi ilo njema", nikampigia mstari kwa kalamu nyekundu. Pengine naye alilisikia kwa babu yake. Basi nimlaumu nani? Lakini ile ilikuwa insha, na insha si shairi. Inkisari, kufupisha neno ili mizani itimie, ni haki ya mshairi, washairi wa pwani wameitumia tangu enzi na enzi, na mtu aliyekabidhiwa ukurasa wa mashairi alipaswa kulijua hilo. Hapana, alikosea. Angehesabu kwa vidole mara moja tu, angeona.

Sasa, uyachape? Neno liko kwenye ncha ya ulimi. Umesema mchapaji ana kijana hodari "atakayepitia lugha", na tangu nilisikie hilo sijalala vizuri. Tena najua chumvi ya hewa ya huku Tanga inavyokula karatasi. Daftari la kwanza limeshaota madoa pembeni, na nikifumba macho mimi nani atayasoma? Kukukataza sitaki. Kukuruhusu, bado siwezi.

Ukija Idi, fungua kabati la vyombo, chini ya lile sinia la bibi yako. Usome kwa sauti, humo humo jikoni, nami niko jikoni nakusikia. Hesabu kwa vidole. Ukikuta pamezidi, niambie mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Shairi la mkonge liko ukurasa wa kwanza, nimeliandika upya lote, na kibwagizo chake mara tano.

Msalimie mkeo na watoto. Uje na majani ya chai, ya huku siku hizi ni vumbi tupu.

Mama yako