Dalali kanificha bei ya kiwanja changu: je, cha juu ni halali yake?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nilikuwa na kiwanja Chanika, nikampa dalali wa mtaani kwetu aniuzie. Nilimwambia nataka milioni 18, tukapatana nitampa asilimia 10. Mnunuzi akapatikana, tukaandikiana serikali ya mtaa milioni 18, nikampa dalali 1,800,000 yake. Juzi mnunuzi kaja kuniuliza bikoni moja iko wapi, na katika mazungumzo nikajua alitoa milioni 22. Zote alimkabidhi dalali, akaambiwa hiyo ndiyo bei yangu, na kwamba mkataba umeandikwa kidogo ili ada ya mtaa ipungue. Aliambiwa pia asinitajie. Dalali nilipomfuata kajibu: "Mama, ulitaka kumi na nane, umepata kumi na nane. Cha juu ndiyo riziki yetu." Je, ile milioni nne ni halali yake? Na mwanangu naye kaanza udalali wa nyumba na viwanja, nimkataze?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Himidi zote ni zake Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Dada yangu, milioni nne ile ni yako, si ya dalali.

Ulipompa kiwanja akuuzie, alisimama mahali pako. Yeye ni wakala, na wakala hauzi mali yake, anauza ya aliyemtuma. Bei yote inayotoka kwa mnunuzi ni badala ya kiwanja, na kiwanja kilikuwa chako. Ushahidi ulio wazi hapa ni hadithi ya Urwa al-Bariqi, aliyoipokea Bukhari. Mtume (S.A.W.) alimpa dinari moja amnunulie mbuzi. Urwa akanunua wawili kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari. Angalia alichofanya: hakusema "ulitaka mbuzi mmoja, huyu hapa," akaweka dinari mfukoni. Alivirudisha vyote viwili, na Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Faida aliyoipata wakala kwa mali ya mtu ilirudi kwa mwenye mali.

Madhehebu yetu ya Shafi yanakwenda mbali zaidi: wakala akimpata wa kutoa bei ya juu, hana ruhusa kumuuzia wa bei ya chini, hata kama mwenye mali alitaja hiyo ya chini. Ile milioni 18 uliyotaja ilikuwa kiwango asichoruhusiwa kushuka. Hukumzuia kupanda, wala hukumzawadia kitakachopanda.

Najua madalali wana hoja, na nisiwadhulumu kwa kuificha. Imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba hakuona ubaya mtu kumwambia mwenzake: uza nguo hii, kitakachozidi kiasi fulani ni chako. Imam Ahmad aliishika kauli hiyo. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa kwetu, hawakuikubali kwa kuwa ujira unakuwa haujulikani. Mimi sioni ubaya kwa wanaoifuata kauli ya Ibn Abbas, lakini soma sharti lililomo ndani yake: mwenye mali ndiye anayesema. Kinachozidi kinakuwa cha dalali kwa sababu mwenyewe kakiachia kwa ulimi wake kabla ya kuuza. Wewe hukusema hivyo. Ulipatana naye asilimia 10.

Akisema ni desturi ya kazi yao, na kwamba desturi katika sheria huwa kama sharti, ajibiwe hivi: desturi inayofunga ni ile inayojulikana na pande zote mbili. Kama cha juu kilikuwa desturi unayoijua na kuiridhia, kwa nini alimwomba mnunuzi asikutajie bei? Allah anasema katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, tusiliane mali zetu kwa batili, ila iwe biashara ya kuridhiana. Mtu haridhii asichokijua.

Hali ingebadilika kama mnunuzi angeambiwa wazi: "Bei ya mama ni 18, na mimi kwa kukutafutia nataka nne," naye akakubali, na wewe ukajua kwamba dalali analipwa huku na huku. Hapo nne ingekuwa ujira kutoka kwa mnunuzi. Lakini aliambiwa 22 ndiyo bei yako. Basi 22 ndiyo bei.

Sasa hesabu, maana haki ni kwa wote wawili. Bei ikiwa milioni 22, asilimia 10 yake ni 2,200,000, na hiyo ni haki ya dalali kwa kazi aliyoifanya. Usimnyime kwa hasira. Mkononi ana 4,000,000 aliyoificha na 1,800,000 uliyompa, jumla 5,800,000. Ukitoa haki yake, anatakiwa akurudishie 3,600,000. Huna unachomdai mnunuzi, na mauzo yamesihi.

Mfuate kwanza ukiwa na watu wawili wanaoheshimika mtaani, au mpitie sheikh wa kata. Akikataa, mahakama ipo, wala si aibu kudai haki. Mnunuzi ndiye shahidi wako, na Qur'ani imekataza kuficha ushahidi, kwa hiyo asikwambie hataki ugomvi.

Hapo kwenye mkataba pananiuma. Allah ameamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, katika aya ya 282 ya Surat Al-Baqarah, na nyinyi mmewekewa karatasi yenye bei ya uongo. Wewe hukujua, lakini mnunuzi alijua akanyamaza. Siku kiwanja kikija kudaiwa na mtu mwingine, akataka kurejeshewa fedha zake, karatasi itamshuhudia kwa 18 tu. Nendeni pamoja mkairekebishe.

Ama mwanao, usimkataze. Udalali ni kazi halali, na Bukhari amewataja kina Ibn Sirin, Ataa na Hasan kwamba hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Qays bin Abi Gharaza (R.A.) amesimulia kwamba wao walikuwa wakiitwa madalali, Mtume akawaita kwa jina bora kuliko hilo, wafanyabiashara, kisha akawaambia kwamba katika kuuza hupita maneno ya upuuzi na viapo, basi wachanganye biashara yao na sadaka. Mkalishe umwambie aandike ujira wake mapema, kwa mwenye mali na kwa mteja. Kumleta jamaa yake ajifanye mteja ili bei ipande ni najshi, na Mtume (S.A.W.) ameikataza. Kama anajua kiwanja kinajaa maji wakati wa masika, amwambie mteja hata kama anakionyesha mwezi wa Septemba kikiwa kikavu. Kama nyumba ni ya mirathi na aliyemleta ni ndugu mmoja, aulize wengine wako wapi. Kama ni nyumba wanayoishi mume na mke, mwenza naye aridhie, na sheria ya ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 inataka hivyo hivyo. Aliyechukua shubiri ya ardhi kwa dhuluma atavikwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, na ninaogopa kwamba anayemtafutia dhalimu mteja, huku akijua, hayuko mbali naye.

Wallahu aalam.