Barua kwa mwanangu: Krismasi ya kwanza ukweni na nyumba mnayoiacha Kimara

Mbagala, Dar es Salaam
1 Novemba

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kwako na kwa mumeo. Huku sote hatujambo. Umeniuliza mambo mawili: Krismasi hii ya kwanza ya ndoa yenu mwende Marangu kwa wakwe zako au Korogwe kwa bibi yako, na mfanyeje ili mkirudi Kimara msikute nyumba imeharibika na mfuko umekauka. Naanza na pesa, kwa sababu hiyo ndiyo itakayowaambia mkae siku ngapi na mbebe nini.

Hesabu ya safari ya Desemba ianzieni Januari. Sehemu nyingi mshahara wa Desemba hutoka mapema ili watu wale sikukuu. Tuseme mnaupata tarehe 20, na wa Januari unaingia tarehe 25. Hizo ni siku 36 za kuishi kwa mshahara mmoja. Kabla hamjataja nauli ya basi, kaeni wawili na daftari, mtoe kwanza vya Januari: kodi ya nyumba kama zamu inaangukia hapo, umeme wa LUKU, maji, gesi, nauli za kwenda kazini, kisha chakula. Chakula mkihesabu kwa siku. Mkitoka tarehe 21 na kurudi tarehe 30, jiko lenu litalisha siku 26 mpaka mshahara. Kama mnatumia shilingi 10,000 kwa siku, hiyo ni 260,000 ambayo haipandi basi. Iwekeni akaunti nyingine, au kwenye simu ya yule kati yenu mwenye mkono mgumu. Mnajuana.

Kinachobaki ndicho cha safari, nacho kigawanyeni mafungu matatu: nauli ya kwenda na kurudi, zawadi, na pesa ya mkononi. Maharusi wapya hukosea fungu la tatu. Nauli wanaijua, zawadi wanazinunua, halafu wanafika kijijini na kukuta mchango wa ng'ombe au mbuzi wa kuchinja, sadaka ya Krismasi, wagonjwa wa kuwaona, watoto wa ukoo wanaosubiri chochote kutoka kwa shemeji wa Dar. Mwezi huu huu mumeo ampigie kaka yake mkubwa amuulize mchango ni kiasi gani kwa kila mtoto wa kiume aliyeoa. Amuulize yeye, si wewe. Kiasi hicho kiongezeeni robo yake kwa yasiyotajwa. Fedha ikiwa haitoshi, punguzeni siku za kukaa na punguzeni zawadi. Mkopo wa simu wa kununulia zawadi nakukataza kabisa, maana utaulipa kwa riba katika zile siku 26.

Sasa swali la kwanza. Nendeni Marangu, na Korogwe mpitie mkirudi. Uchagani Krismasi ndiyo siku ambayo ukoo mzima unapanda mlimani. Wifi, mashemeji, mama wadogo na baba wakubwa wote utawakuta siku hizo chache, na ukikosa mwaka huu utatambulishwa vipande vipande kwa miaka mitano. Bibi yako yuko Korogwe mwezi wowote, na Korogwe iko barabarani, karibu katikati ya njia ya Dar na Moshi. Mwambieni hivyo nyinyi wenyewe kwa simu, tena mapema, asije akasikia kwa jirani.

Kwa nini mrudi kwa bibi na si kuanzia kwake? Kwa sababu ya viti. Wiki ya Krismasi mabasi ya kaskazini yanatoka Dar yamejaa, na mkishuka Korogwe tarehe 21 hamtapata basi la kuwapandisha Moshi tarehe 23 isipokuwa kusimama, au kulipa nauli nzima ya Dar hadi Moshi. Tarehe 28 mambo yamegeuka. Umati unarudi Dar baada ya mwaka mpya, kwa hiyo siku hiyo mabasi ya kushuka yana nafasi. Mnalala Korogwe usiku mbili, na asubuhi ya tarehe 30 mnapanda mabasi yanayoanzia Korogwe kwenyewe au Lushoto, hayo hayategemei watu wa Moshi. Mwaka mpya unawakuta kwenu.

Tiketi kateni wiki hii. Treni ya mwendokasi isiwatie tamaa, inaenda Morogoro na Dodoma, kaskazini haifiki. Nendeni ofisi ya basi au mkate kwa simu, mpate tiketi ya kielektroniki yenye majina yenu na namba za viti, na mlinganishe bei na nauli elekezi ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Mtu anayewakamata mkono pale kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, akisema ana viti viwili vya mwisho, mpiteni. Desemba ndipo kiti kimoja kinauzwa mara mbili, na mwenye karatasi isiyo na jina ndiye anayebaki.

Msikate tiketi ya Moshi mjini kwa mazoea. Barabara ya Marangu inachepuka Himo, kabla ya kufika Moshi, kwa hiyo mkishuka Njia Panda ya Himo mnapata gari dogo la kupanda Marangu Mtoni bila kwenda mjini na kurudi nyuma na mizigo. Lililo bora zaidi ni basi la Rombo linalopita Marangu lenyewe, ulizeni ofisini. Chagueni viti vya upande wa kulia, katikati ya basi. Jua la mchana linapiga kushoto mkiwa mnaelekea kaskazini, na milima ya Usambara na ya Upare iko kulia kwenu kuanzia Mombo. Nyuma kabisa kunarusha, nawe tangu mtoto unachafuka roho. Dawa ya kichefuchefu imeze karibu saa nzima kabla basi halijaondoka. Ukishaanza kutapika haikusaidii.

Zawadi. Hapa watu hubeba uzito wa bure. Usibebe sukari kwenda Moshi, kiwanda cha TPC kiko huko huko. Mchele nao wanaulima tambarare za chini ya Moshi. Peleka vya pwani ambavyo mlimani ni adimu au ni ghali. Nazi kumi na mbili zinatosha, nusu ya wakwe zako na nusu igawiwe majirani. Chagua zilizokomaa, zito, zinazochezesha maji ndani ukizitikisa sikioni. Ukizifua, mwambie muuzaji aache kishungi cha makumbi juu ya yale macho matatu, maana jicho likiwa wazi nazi inaingiza hewa na kuoza kabla ya wiki. Ongeza ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, au samaki wa kukaanga waliokauka vizuri, uwafunge kwa karatasi kwanza halafu mfuko. Wakifungwa kwenye plastiki wangali na joto wanatoa jasho na kuvunda njiani. Tende, iliki na mdalasini kidogo. Mama mkwe mchukulie doti ya kitenge kutoka Kariakoo, na baba mkwe blanketi zuri, kwa sababu mlimani usiku kuna baridi hata Desemba. Bibi yako yeye mpelekee sukari na mafuta ya kula. Na kwako mwenyewe weka khanga mbili za jikoni, sweta, na viatu vya kufunga vinavyostahimili tope. Mkwe mgeni huanza kujulikana jikoni. Uliza upewe kazi gani, usisubiri kuitwa, na ndizi usizimenye bila kupaka mafuta mikononi, utomvu wake hautoki kwa sabuni.

Mkiondoka watawapa ndizi. Omba zikatwe vichane, msibebe mkungu mzima, muweke kwenye kiroba chenye matundu na majani makavu katikati. Ndizi iliyozibwa hewa kwenye buti la basi inaiva yote kwa mpigo. Kichane kimoja kikubwa kiwe cha bibi.

Sasa nyumba, na hili nataka ulisome pamoja na mumeo.

Friji lianze kumalizwa wiki moja kabla. Msinunue samaki wala nyama baada ya tarehe 14, mle kilichomo. Siku moja kabla ya safari lichomoeni ukutani, barafu iyeyuke, futeni kwa maji yenye siki, kausheni hasa ile mipira ya mlango, na mlango uacheni wazi kwa kuuwekea kitambaa. Friji lililofungwa likiwa na unyevu linaota ukungu, na harufu inaingia kwenye mpira ambako haitoki tena. Kuliacha likiwaka kwa siku tisa ni kamari. Umeme ukikatika siku mbili, au uniti zikiisha, mnarudi kwenye uozo. Taa moja ya nje iacheni, ya wati 9. Ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku, kwa siku tisa haimalizi hata uniti moja, na nyumba haionekani tupu. Kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021. Kama mita ni yenu peke yenu, zungumzeni na mwenye nyumba awarudishie, kwa kuwa deni ni la mwenye jengo.

Maji ndiyo hatari kubwa kuliko wezi. Kisa chenyewe ni hiki: mgawo umekata maji, mtu anafungua bomba, halitoki kitu, analisahau wazi. Maji yanarudi usiku wa manane na hakuna mtu. Jaribuni kila bomba, kisha mfunge koki kubwa iliyo karibu na mita. Ndoo na madiramu yasiyo na mfuniko mwageni, mfudikize. Mbu wa dengue anazaa kwenye maji masafi yaliyotulia, na kutoka yai hadi mbu ni kama siku saba hadi kumi, yaani urefu wa safari yenu. Dar imepigwa na dengue mwaka 2014 na tena 2019. Simtanki lifunikwe mpaka lilie. Kwenye tundu la maji la sakafuni bafuni mimineni maji lita mbili, juu yake kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia. Maji ya pale ndiyo yanayozuia harufu ya shimo, na mafuta yanayachelewesha kukauka.

Gesi ifungeni kwenye mtungi, mtoe na regyuleta, kile kichwa cha mpira kinachokaa juu ya mtungi, msitegemee kitufe cha jiko. Mkirudi na kuirudisha, pakeni povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha kiberiti. Povu likivimba, gesi inavuja. Unga na maharage viingie kwenye makopo yenye mfuniko wa kukaza, takataka zitoke asubuhi ya safari, siyo usiku wake.

Ufunguo mmoja muachieni jirani mnayemwamini, pamoja na namba zenu mbili na ya mwenye nyumba. Mwonyesheni koki ya maji ilipo. Picha za Marangu wekeni mtandaoni mkisharudi.

Kuna jambo hukuliuliza ila nalijibu. Mwakani itakuwaje? Amueni sasa, kabla hamjapanda basi, na muwaambie wazazi wa pande zote mkiwa bado na furaha: mwaka mmoja Krismasi ni Marangu, mwaka wa pili ni huku kwetu. Kwao aseme mumeo, kwetu useme wewe. Mkwe akitangaza habari ya namna hiyo kwa familia isiyo yake, anaonekana anamvuta mwenzake, hata kama mlikubaliana.

Ukipata tiketi nitumie tarehe na jina la basi, nimwambie bibi yako siku ya kuwapokea, naye anataka kujua kama mumeo anakula bada, ule ugali wa muhogo.

Mama yako.